Asiolewe Kwanza

Siku Mshonaji alipopata raha, kazi ililala. Wanawake wa ghala la maharage walipiga miayo, wakatoka kwenda msalani mmoja mmoja, wakaanza kuulizana kwa nini choo hakina mlango na kwa nini anayekohoa vumbi anaambiwa akakoholee nje. Jioni ilipofika, magunia sita yalikuwa bado yamefungwa midomo.

Mshonaji hakuwa mtu wa nyama na damu. Alikuwa wa daftarini, yatima aliyependwa na daktari kijana na kuchukiwa na mama wa daktari huyo kama ukoma. Karani wa ghala ndiye aliyemtunga, ukurasa kwa ukurasa, ingawa wanawake waliamini ananakili kutoka kitabu kikubwa alichonacho kwake. Kila asubuhi alimkabidhi daftari mke wa fundi baiskeli, kwa sababu huyo alisoma vizuri kuliko wenzake wote, nao wakamwita Msomaji. Msomaji alipanda juu ya magunia akasoma kwa sauti, wenzake huko chini wakachambua maharage, mabovu huku, mazima kule. Kwa kuwa mikono yake ilishika daftari, kila mwanamke alimtupia konzi mbili za maharage mazima katika beseni lake, na jioni beseni hilo lilijaa kama la mwingine yeyote. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Ilijizalia yenyewe, na ilikuwa na haki kuliko zote zilizobandikwa ukutani na ofisi.

Siku hiyo ya miayo meneja alimwita karani akamuuliza kulikoni. Karani alikuwa mtu mwembamba, mpenda kalamu kuliko watu. Alieleza kwa aibu kwamba alimwonea huruma Mshonaji, miezi mitatu analia tu, basi amempa barua njema kutoka kwa daktari na gauni jipya. Meneja hakuwa amesoma hadithi yoyote maishani mwake, lakini biashara aliijua. Alikwenda dirishani, akawatazama wanawake wakinyoosha migongo.

"Huyo bibi yako asiolewe kwanza," alisema. "Akiolewa, hawa wataanza habari za vyoo."

Kesho yake barua njema ikabainika kuwa ya kughushi, gauni likaungua na pasi, na magunia yote yakawa yamekwisha kabla ya saa nane. Fimbo ya mchungaji huonekana, ng'ombe akaikimbia. Hii nyingine, ya hadithi, ng'ombe huililia mwenyewe.

Fundi baiskeli alifanyia kazi mbele ya nyumba yake, chini ya bati alilolitundika kwa nguzo mbili. Mkewe akirudi, alikaa kwenye kiti cha baiskeli mbovu, akatia miguu kwenye maji, akamsimulia yote yaliyomfika Mshonaji siku hiyo. Fundi alijifanya hana habari. Alizungusha gurudumu, akasikiliza spoku, akatia mafuta mahali palipokuwa tayari pana mafuta. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua, kwamba huyo mama mkwe hajafa tu?

"Mkwe wa nani, na ndoa haijafungwa?"

"Basi ana bidii. Anamtesa mkwe ambaye hata hajampata."

Binti yao, wa darasa la saba, alicheka juu ya vitabu vyake hadi kalamu ikamponyoka. Mama yake naye alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikawa kirefu kuliko kicheko. Kilipotulia, fundi alimuuliza kwa nini hawachoki. Mtu ana shida zake nyumbani, anakwenda kazini kusikiliza shida za mtu asiyekuwepo. Alisema yeye angekuwa mwanamke angetaka hadithi ya watu wanaokula wakashiba.

Msomaji alifikiri huku akisugua visigino.

"Akicheka yeye, kila mtu anarudi kwenye lake," alisema. "Mmoja anamkumbuka mumewe, mwingine mtoto wake, mimi nakumbuka kifua changu. Akilia yeye, tunalia wote, na hakuna anayekuuliza unalilia nini."

Fundi alirudia gurudumu lake. Baadaye, binti alipoingia ndani, alimuuliza mkewe kwa sauti ya chini kama yule daktari atarudi.

Alhamisi asubuhi mfukiza dawa alileta baiskeli iliyokatika mnyororo. Huyu ndiye anayeitwa ghala linapoingia wadudu. Fundi akiwa anatafuta pingili ya kuunganishia, yule bwana alimweleza kwamba wameona fukusi kwenye maharage, na jana jioni ameweka vidonge chini ya maturubai, amefunga kila tundu. Ndiyo maana wanawake wamepewa mapumziko, mapumziko yasiyolipwa, ya kukaa nyumbani na kutazamana. Mlango usiguswe mpaka Jumatatu, na hata Jumatatu uachwe wazi mchana kutwa kabla mtu hajaingia.

"Vidonge vyenyewe vidogo," alisema. "Lakini ile hewa yake haina mzaha. Huioni. Ukisikia harufu kama ya kitunguu saumu ujue umeshaichelewa. Nimemwambia meneja, akaniambia, 'Haya, nimesikia.'"

"Amesikia kweli?"

"Wakubwa wakisema wamesikia, fundi, maana yake ondoka."

Fundi alimfungia mnyororo. Mchana alimsimulia mkewe yote, naye akasema vizuri, atapata nafasi ya kufua mablanketi.

Ijumaa alasiri karani alifika mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Hakukubali kukaa. Alieleza kwamba malori ya mzigo yatafika kesho adhuhuri badala ya Jumanne, kwa hiyo kazi itakuwepo kesho asubuhi kwa anayetaka, halazimishwi mtu. Halafu akatoa daftari lililofungwa kwa karatasi na gundi. Hii ndiyo sehemu ya mwisho ya Mshonaji, alisema. Itasomwa kesho, ndani ya ghala, mara moja tu, kisha daftari linarudi kwa mwenyewe. Lisifunguliwe kabla. Wenzake wote wameshaarifiwa.

Alipokuwa akiyasema hayo alilitazama gurudumu lililoning'inia, hakumtazama fundi. Alijua anachokijua. Alikuwa amemwambia meneja kwamba mwisho haujawa tayari, akajibiwa kwamba uwe tayari au usiwe, wanawake watajua wakishaingia. Alikuwa amemwambia pia kwamba mfukiza alisema Jumatatu. Hilo halikujibiwa. Karani ana watoto wanne, na mwenye watoto wanne hujifunza kutosikia kimya cha mkubwa.

Alipoondoka, fundi aliweka spana chini.

"Usiende," alisema.

Mkewe alikuwa ameliweka daftari mapajani, viganja vyote viwili juu yake. Alisema atakaa karibu na mlango. Alisema kama ni hatari wasingeufungua, maana na wao wakubwa wana mapua. Alisema asipokwenda yeye, atasoma yule wa miwani, na yule anaruka mistari. Mwaka jana alimwua mtu mzima kwa kuruka mistari miwili, watu wakamlilia siku nzima kumbe alizimia tu.

Hapo fundi alipaswa kusema mara ya pili. Mara ya tatu pia, na kama haitoshi alifiche daftari, aufunge mlango kwa kufuli la baiskeli. Hakufanya. Neno la pili lilimfia kooni kwa sababu ambayo hakumwambia mtu yeyote kwa muda mrefu: naye alitaka kujua kama Mshonaji ataolewa.

Jumamosi asubuhi wanawake walifika wote. Hata yule mwenye mtoto mchanga alifika, mtoto akamwacha kwa jirani, na huo ndio wema pekee wa siku ile.

Maturubai yalikuwa yametolewa saa moja tu iliyopita na yalikuwa yamekunjwa ukutani. Mlango mkubwa, ule wa malori, ulibaki umefungwa. Meneja mwenyewe alikuwa amesukuma komeo, akasema hataki wapita njia wachungulie. Ulibaki mlango mdogo, wa mtu mmoja mmoja. Ndani palinuka kitunguu saumu. Mmoja akauliza nani amepika, wakacheka.

Msomaji alikaa karibu na mlango mdogo kama alivyoahidi. Hakukaa sana. Walioketi nyuma walilalamika kwamba hawasikii, kwamba leo ndiyo siku yenyewe na wao wanapewa kelele za barabarani. Mwanamke mzee kuliko wote, waliyemwita Kamanda kwa kuwa ndiye aliyegawa nafasi za kukaa na zamu za msalani, alikuja akamshika mkono.

"Njoo katikati, mwanangu. Huku mlangoni unawasomea nzi."

Akampandisha juu ya magunia, kule ndani, palipofunikwa siku tatu.

Msomaji akang'oa gundi akaanza. Siku hiyo karani alikuwa amejikaza kweli. Mama wa daktari alipiga magoti kuomba msamaha; msamaha ukageuka mtego; Mshonaji akalala korokoroni siku mbili kwa pete ambayo hakuiba; daktari akavuka mto wa mafuriko kuja kumtoa. Mikono ya wanawake ilikwenda yenyewe. Konzi zilianguka katika beseni la Msomaji kama mvua ya kwanza. Wawili walitoka kutapika, wakafuta midomo, wakarudi mbio wakiuliza wamekosa nini. Mmoja alijifunga kitambaa puani. Vichwa viliwauma, kila mmoja akadhani ni kichwa chake peke yake, maana wote walikuwa wakilia, na anayelia kichwa humuuma.

Kurasa zilipokuwa zimebaki chache, sauti ya Msomaji ilianza kukwama. Alishusha daftari. Alisema kifua kimembana leo, apishwe kidogo apate hewa.

Siku ya harusi ya Mshonaji ilikuwa imefika. Gauni lilikuwa mwilini. Hakuna aliyeinuka kumpisha.

"Malizia ukurasa huo tu," alisema Kamanda, "kisha upumzike."

Akamalizia. Ukurasa uliishia Mshonaji akiwa mlangoni, mkono kwenye kitasa, mara homa kali ikamshika. Msomaji alilowesha kidole, akafungua karatasi, akaitazama kwa muda. Walingoja. Walidhani anavuta pumzi. Kisha akateleza polepole kutoka juu ya magunia, ubavuubavu, hadi sakafuni.

Hospitali alikaa siku moja na nusu. Alipata hewa kama mtu anayeinywa kwa mrija. Aliomba dirisha lifunguliwe, nalo lilikuwa wazi. Jumapili alasiri alimwambia mumewe amvalishe viatu waende nyumbani, mablanketi yamelala kwenye kamba. Fundi alimvalisha. Kanda ya kiatu cha kushoto ilikuwa imekatika zamani, yeye mwenyewe alikuwa ameifunga kwa waya wa breki, na waya ule ulikuwa umelegea. Aliukaza kwa meno kwa sababu koleo ameliacha. Alipoinua kichwa kumwambia tayari, hakukuwa na wa kuambiwa.

Daktari wa zamu alikuwa ameuliza mgonjwa amevuta nini, fundi akamweleza, naye akaandika. Karatasi ya kifo ilipotoka Jumatatu ilisema maradhi ya moyo. Fundi alirudi nayo dirishani akasema kuna makosa. Akaambiwa makosa hayajawahi kutoka na muhuri. Kati ya kuandika na kupiga muhuri simu ililia mahali fulani. Watu wa namna ya fundi hawana wa kumpigia. Wana miguu tu.

Msibani wanawake wa ghala walikuja wote, wakalia kwa kiasi. Karani alikuwa amekaa karibu na lango, akitazama nani ameingia na nani anasema nini. Alikuwa ametumwa. Hata yeye macho yake yalikuwa mekundu, lakini macho mekundu hayamfufui mtu.

Baada ya wiki fundi alikwenda kwa mkaguzi wa kazi. Mkaguzi alimsikiliza huku akipanga vibanio vyake vya karatasi. Fundi alipomaliza, mkaguzi alimuuliza mashahidi wako wapi. Fundi alisema walikuwepo wanawake thelathini. Mkaguzi akasema hawaoni hapa ofisini.

"Haya uliyoniletea ni majonzi, mzee," alisema kwa upole. "Mimi napokea malalamiko."

Basi fundi akaanza kubisha hodi mlango kwa mlango. Alikaribishwa vizuri kila mahali, akapewa kiti, akapewa pole. Alipotaja ofisi ya mkaguzi, kila mwenyeji alikumbuka kitu jikoni. Mmoja alisema ana deni la ada. Mwingine alisema hakusikia harufu yoyote, kisha akalia kwa kuwa alisema hivyo. Mwenye mtoto mchanga alimwambia, "Shemeji, Mungu anajua."

"Mungu haandikishi maelezo," alisema fundi.

Kwa Kamanda alifika mwisho, miguu ikimwuma. Mama huyo naye alikataa, kwa maneno machache kuliko wengine. Amebakiza mwaka mmoja apate kiinua mgongo, basi. Fundi aliaga. Alikuwa ameshafika uani alipoitwa kwa sauti ya mtu anayeona aibu.

"Mkwe wangu. Alikuambia mwisho?"

"Mwisho wa nini?"

"Wa Mshonaji. Tumekaa hivi hivi, hatujui. Karani anasema daftari halionekani. Nikilala naliona lile gauni."

Fundi alisimama. Daftari lilikuwa kwake. Muuguzi alilikuta ndani ya nguo za marehemu. Yeye na binti yake walikuwa wamelisoma pamoja, binti akisoma, yeye akifuata kwa kidole, hadi homa ya mlangoni. Baada ya hapo kulikuwa na karatasi tisa nyeupe. Hakukuwa na mwisho. Karani hakuwa ameuandika, na meneja hakuwa ameutaka. Mkewe alikuwa ameutazama weupe ule, akaanguka.

Yote hayo yalikuwa mdomoni mwake ayaseme. Badala yake alimtazama yule mama, jinsi alivyosimama na mkono kifuani, akaelewa kwa mara ya kwanza kitu ambacho meneja alikijua siku nyingi.

"Naujua," alisema. "Kesho saa tatu nipo ofisi ya mkaguzi. Atakayetoa maelezo nitamsimulia pale pale barazani. Waambie na wenzako."

Walikuja saba.

Waliingia mmoja mmoja, wakatoka mmoja mmoja, kila kidole gumba kikiwa na wino. Fundi alisikia kila kitu kupitia dirisha. Mmoja alisema palikuwa na harufu kidogo. Wa pili alisema labda ya chakula. Wa miwani alisema marehemu alikuwa akikohoa tangu zamani. Kamanda alisema aliona mtu ameanguka, lakini alikuwa mbali. Mlango mkubwa haukutajwa na yeyote. Aliyeufunga hakutajwa. Mkaguzi alijaza nusu ukurasa, akawashukuru sana.

Wakakaa kwenye ngazi za baraza, wakatandaza kanga, wakamwelekea. Yule mwenye mtoto mchanga alimnyonyesha kabisa asije akasumbua.

"Haya, shemeji."

Fundi hakuwa mtu wa hadithi. Alikuwa amekesha na karatasi tisa nyeupe bila kupata hata neno la kuanzia, na baada ya yale aliyoyasikia dirishani hata hasira ilikuwa imemkauka. Alifungua mdomo akasema kilichokuwepo.

Alisema Mshonaji alipelekwa hospitali. Alisema alilazwa kitanda cha ukutani, hewa ikawa haimtoshi, akawa anaivuta kama maji kwa mrija. Aliomba dirisha lifunguliwe na lilikuwa wazi. Wakaanza kulia. Alisema bwana wake alikaa chini sakafuni kwa sababu viti ni vya wauguzi. Alisema bwana huyo alimwambia usiende mara moja tu, na angalau angemwambia mara mbili. Sasa walilia kweli, walivyokuwa hawajalia msibani, walishikana mabega, wapita njia wakasimama. Alisema mwishowe mwanamke aliomba avalishwe viatu waende nyumbani, bwana akamvalisha, na kanda ya kushoto ilifungwa kwa waya wa breki, ukalegea, akaukaza kwa meno.

Kamanda ndiye wa kwanza kunyamaza.

"Mshonaji alinunuliwa viatu na daktari," alisema. "Waya wa breki umetoka wapi?"

Fundi alitazama mikono yake. Kilio kilipungua mmoja baada ya mwingine, hadi akabaki mtoto peke yake na pumzi zake. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Hapakuwa tena na mtu wa daftarini wa kumlilia. Palikuwa na yule waliyemtupia konzi mbili mbili kila siku.

"Mimi ndiye niliyemwambia amalizie ukurasa," Kamanda alisema.

"Sikujua," alisema fundi.

"Na mlango mkubwa ulifungwa kwa komeo. Nilimwona aliyelisukuma. Wote tulimwona."

Akainuka, akakung'uta kanga yake, akajifunga kiunoni. Wa miwani alimkamata upindo akamnong'oneza kwamba amebakiza mwaka mmoja, atakula nini. Kamanda aliuchomoa upindo taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. Gari la meneja lilikuwa limeegeshwa pembeni ya jengo, chini ya mti, injini bado ina joto. Hakuna aliyeliona likifika, wala mwenyewe akiingia kwa mlango wa nyuma, kwa sababu walikuwa wakilia. Kamanda aliliona sasa. Alisimama kidogo. Halafu akapanda ngazi.

Ndani ya ofisi watu wawili walikuwa wakicheka, mkaguzi na mwenye sauti nyingine ambayo wote saba waliijua. Kamanda aligonga. Kicheko kikakatika, na kitasa kikaanza kuzungushwa kwa ndani.